Muulize Mzee Habari za Leo

Wazee wetu tunawauliza maswali mengi, na karibu yote ni ya zamani. Mapinduzi yalikukuta wapi? Zama za foleni mkila nini? Televisheni ilipoanza mkienda kuangalia kwa nani? Tunakaa nao barazani, tunawasha rekoda ya simu, na wao kwa ukarimu wao wanatupa tulichokitaka. Tukishapata tunaaga, tunabusu mkono, "haya bibi, tutaonana inshaallah", tunaondoka na jana yao yote. Leo yao hatukuigusa.

Mimi mzaliwa wa Wete, Pemba, kazi ndiyo iliyonileta Unguja mjini. Kwa muda sasa, kila nikipata nafasi ya kukaa na mtu mzima, Pemba au huku, namuuliza na jambo ambalo adabu tuliyolelewa nayo inatufanya tulikwepe: uzee wenyewe ukoje? Sikusudii uzee wa kwenye methali. Nakusudia uzee wake yeye, asubuhi ile, kwa magoti yale na macho yale. Malalamiko nimeyasikia, na mengi ni ya haki. Lakini nimesikia na jengine ambalo halisemwi sana, nalo ndilo lililonikalisha kuandika: wengi wao wanaupenda umri walionao. Ukimwambia "Mungu akurudishie ujana wako", wapo wanaokataa kuitikia amin.

Nianze na babu yangu mmoja wa Mtambwe, ami yake mama. Huyu maisha yake yote ni karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mashamba ya Unguja na Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za nchi hii zinatoka kwetu, kwa hiyo mzee wa Kipemba anayekuhadithia utoto wake bila ya kuutaja mkarafuu huyo ni nadra kumpata. Babu alianza kupanda akiwa mtoto wa skuli. Ujana wake wote kauchumia juu, kwa malipo ya pishi, na sifa yake vijijini ilikuwa kwamba akifika kileleni, tawi ambalo wenzake wanaliacha yeye analikamata.

Siku hizi hapandi. Msimu ukifika huwekwa jamvini pamoja na wanawake na watoto, kuchambua. Hukaa kanyoosha miguu, pakacha la karafuu mbichi ubavuni. Hutwaa kishada kimoja, hukikamata konyo kwa mkono wa kulia, hukisukuma kwenye kiganja cha kushoto huku akikizungusha kidogo, na karafuu zote humwagika mara moja, konyo likabaki mkononi tupu. Karafuu upande huu, makonyo upande ule, maana makonyo nayo ni mali, yanakwenda kiwandani Wawi kutolewa mafuta. Haangalii mikono. Mikono inafanya kazi peke yake, macho yake yako kwa watu.

Nikamuuliza: "Babu, juu hukukumbuki?"

"Juu nimepaacha huko huko," akasema. "Mkarafuu haupandwi ukazungumza na mtu. Ukiwa juu unaona karafuu tu na tawi la kukanyaga. Hapa jamvini naona watoto wa watu. Huyu kaposwa, yule mtihani umemshinda, mama yake yule hajiwezi. Miaka yote ile yalinipita haya."

Halafu akanitajia, mmoja baada ya mmoja, wenzake walioanguka. Tawi la mkarafuu halina uvumilivu, likielemewa hukatika bila ya kukupa habari, na Pemba hakuna kijiji kisichokuwa na mtu aliyevunjika kwa kuchuma. Mmoja katika aliowataja alikuwa rafiki yake wa chanda na pete. Babu alikuwa mti wa pili siku ile. Hakunihadithia zaidi na mimi sikumchimba. Alichosema ni hiki: "Mimi nimeshuka kwa miguu yangu. Alhamdulillahi." Mtu wa namna hiyo ukimwambia pole kwa uzee, hajui unampa pole ya nini.

Kuna utafiti mmoja ninaoukumbuka kila nikimfikiria. Mwaka 1975 katika mji mdogo wa Oxford, jimbo la Ohio, Marekani, watu wenye umri kuanzia miaka 50 waliulizwa wanauonaje uzee wao. Katika waliyosomewa mlikuwa na kauli ya kuikubali au kuikataa, kwamba mtu kadiri anavyozeeka ndivyo mambo yanavyozidi kumharibikia. Baadaye Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake wakayachukua majibu ya watu 660 katika hao, wakaangalia nani kaishi mpaka lini, na mwaka 2002 wakatoa matokeo. Waliokuwa wakiuona uzee wao kwa wema waliishi miaka 7.5 zaidi ya waliouona kwa ubaya. Watafiti walizingatia na mengine yanayoweza kuwa ndiyo sababu, umri, hali ya maisha, afya, upweke, na tofauti bado ikabaki.

Sitaki mtu autumie utafiti huu kumwambia mzee mwenye njaa kwamba afikirie mazuri. Hilo ni dhulma. Mtazamo mwema haupiki, wala hauteremshi presha ya mtu aliyekosa dawa. Ninalolichukua mimi ni kwamba anachokiamini mtu kuhusu uzee wake kina uzito mwilini mwake, na imani hiyo haizuki yenyewe. Tunaitia sisi, kidogo kidogo, kwa namna tunavyozungumza mbele yake. "Bibi keshakuwa mtoto." "Muacheni babu, hajui tena." Maneno hayo yanasemwa katika majumba yetu na watu wenye mapenzi, mzee mwenyewe amekaa pale pale, anasikia.

Na ukitaka kuona mtazamo na mkono vinavyokwenda pamoja, angalia siku ya pensheni. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016. Kila aliyefika miaka 70 anapewa, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, awe mvuvi, mkulima au mama aliyelea maisha yake yote bila ya kuandikwa popote. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha ikapandishwa ikafika 50,000. Fedha hizo ni chache, na nataka niliseme hilo wazi, maana ukishatoa dawa na nauli ya kufuata dawa unabaki unahesabu sarafu. Lakini nimekaa na bibi zangu wakipanga watakavyozitumia na nimeona kitu ambacho hakimo kwenye hesabu. Sukari na majani ya chai vinatajwa, vocha ya simu inatajwa. Kisha zinakuja zile za watu wengine: za kumtunza bi harusi Ijumaa, za maiti wa jirani, za mjukuu anayeanza chuoni kwa maalim, ambaye hawezi kwenda mkono mtupu. Bibi mmoja wa Kojani aliniambia kwamba kabla ya pensheni alikuwa akisikia kuna harusi anajifanya anaumwa. Hana cha kutunza, akikaa kule ataona haya. Sasa anakwenda, na akifika anakaa mbele.

Mzee kwetu hakuumbwa awe wa kupokea tu. Nadhani hapa ndipo tunapokosea tukijadili wazee katika mikutano, na hata kila 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990 kwa ajili yao. Wanasemewa kuliko wanavyosema, na wanapewa kuliko wanavyoombwa. Muombe mzee kitu. Muombe shauri, muombe dua, muombe akutilie chumvi mchuzini, uone anavyokaa sawa.

Upo na mshangao wa hesabu, kwa sisi tuliozoea kwamba mzee ni yule aliyekwisha kuwa mtu mzima Mapinduzi yalipotokea. Mtoto aliyezaliwa Januari 1964 sasa kapita 60, na kwa hesabu za serikali keshaingia uzeeni. Wazee wapya ni wale waliofundishwa nyimbo za skuli katika miaka ya 1970, waliokusanyika kuangalia televisheni ya rangi ilipoanza Zanzibar mwaka 1973, waliohamia majumba ya Michenzani bado yana harufu ya rangi. Wakubwa wao, waliokuwa vijana usiku ule wa tarehe 12, wamepita 80 na wanapungua kila mwaka. Anayetaka kukaa nao asingoje sikukuu.

Sasa nije kwa wanawake, ambao katika mazungumzo haya ndio walionifungulia zaidi.

Kuna Bi mkubwa mmoja Jambiani. Kilimo cha mwani kilipoanza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, alikuwa na watoto wadogo na mume mvuvi. Wanaume wengi waliudharau mwani. Fedha gani za maana zitatoka kwenye majani ya bahari? Wanawake wakaingia. Bamvua likija, maji yakikupwa mbali, wakashuka na vigingi vyao, wakavipiga mchangani, wakavuta kamba baina ya kigingi na kigingi, wakafunga mbegu moja moja kwa vijikamba wanavyoviita tai-tai. Baada ya wiki kama sita wanavuna. Bi mkubwa huyu kwa mwani aliezeka nyumba mabati, akanunua kitanda chake mwenyewe, akawasomesha watoto wa kike ambao baba yao aliona darasa la saba linatosha.

Hadithi hii anaihadithia vizuri, na wageni wengi wameshaichukua kwake. Ile ya leo hawamuulizi. Bahari imekuwa ya moto, ule mwani wa bei nzuri, kotonii, unakufa katika maji ya kina kifupi, uliobaki bei yake haimuinui mtu, na yeye magoti hayamruhusu tena kwenda kwenye kamba za mbali. Anakaa kivulini juu ya ufukwe, anafunga mbegu kwenye kamba, wadogo wanazichukua kwenda kuzitandaza. Nikamuuliza, je, kipi bora, wakati ule au sasa?

Alifikiri. Alifunga tai-tai moja, akafunga ya pili.

"Wakati ule nilikuwa na maneno, mdomo sina," akasema. "Sasa mdomo ninao."

Nikamwambia anieleze, na akanieleza mpaka alasiri ikaadhiniwa. Alipokuwa kijana kila neno lake lilipitia kwa mtu: kwa mume, kwa mama mkwe, kwa kaka zake. Leo kikao cha posa hakianzi mpaka yeye afike. Mke wa mtoto wake akigombana na mumewe, wanaletwa wote wawili mbele yake. Akitaka kwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa anavaa kanga zake anakwenda, haombi ruhusa ya mtu. Na usingizi. "Zamani nikilala na hesabu," akasema, "mchele, madaftari, mabati. Siku hizi nikilala nalala."

Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ametumia miaka mingi kuonesha jambo linalofanana na hili: mtu akihisi muda uliobaki ni mfupi huchagua, huwaacha watu na mambo yasiyomfaa, hubaki na yanayomjaza moyo, na kwa wastani wazee hupitia hasira na wasiwasi wa kila siku kwa uchache kuliko vijana. Bi mkubwa hana habari ya Stanford. Lakini alipokuwa akinihesabia ugomvi aliouacha na majirani aliowasamehe, nilikuwa nikiyasikia yale yale yakisemwa na mtu aliyeyafikia kwa njia yake.

Tunao na mfano mkubwa ambao dunia nzima imeuona. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliimba na kupiga ngoma tangu usichana wake, akachota kwa Siti binti Saad, akawa kungwi wa unyago aliyepitiwa na wari wengi wa kisiwa hiki. Jina lake kuvuka bahari kukafika Ulaya na kwengineko kulikuja akiwa keshazeeka. Tuzo ya WOMEX, ya muziki wa mataifa, alipewa mwaka 2005, katika umri ambao wengi wetu tunawafungia bibi zetu ndani tusije tukaambiwa tumewachosha. Aliendelea kupanda jukwaani kwa miaka kadhaa baada ya hapo, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa. Watu wakaushikilia huo, kila mmoja akitaka kujua kafika mia au kapita mia. Mimi naona la kuuliza lilikuwa jengine: sauti ile, yenye mikwaruzo yake, angeweza kuitoa akiwa na miaka thelathini? Nina yakini hapana. Sauti ile ilihitaji miaka yote aliyoipitia.

Si kila mzee anataka kusema, na hili lazima liheshimiwe. Visiwa hivi vimepita katika mambo mazito. Yapo majumba ambayo mwaka 1964 uliondoka na watu wake, na yapo ambayo mwaka huo huo uliyafungulia mlango, na pengine nyumba hizo zinatazamana, zimeoana. Nimekaa na mzee akafika mahali katika hadithi yake, akanyamaza, akaomba maji. Nilimpa maji. Tukaendelea na habari za mbuzi. Anayekusanya hadithi za wazee akadhani anadai kila kitu, huyo anakusanya kwa ajili yake mwenyewe.

Maalim mmoja wa Malindi, mwalimu mstaafu, alinifundisha kuhusu kurudia. Kila alasiri yuko barazani, kahawa chungu na kashata, dhumna ikipigwa mbele yake na yeye hachezi, anasimamia. Hadithi yake ni moja na wote wanaijua: alivyohamishwa, kijana wa mjini wa miaka ishirini na kitu, akatupwa kufundisha skuli ya kijijini Pemba, akafika Mkoani kwa meli alfajiri, mvua inanyesha, hana mwenyeji. Vijana wakimuona anaianza wanakonyezana. Keshaanza huyo.

Nimeisikia mara nyingi, na kwa kuwa mimi wa Pemba nilikuwa nikiisikiliza kwa makini kuliko wao. Hadithi ile haikukaa mahali pamoja. Mwanzo nilipomjua ilikuwa hadithi ya kuonewa. Aliyemhamisha alimuonea, mvua ilimuonea, na kijiji kilikuwa kiza. Baadaye akaanza kumtaja mzee aliyemkuta gatini akambebea sanduku lake bila ya kumjua. Ikapita miaka, mzee yule akapata sauti, akawa na maneno yake. Safari ya mwisho nilipomsikiliza, aliyemhamisha hakutajwa kabisa. Hadithi ilianza gatini, ikaenda kwa mzee, ikaingia nyumbani kwake, na ikamalizikia kwa binti wa mzee, ambaye ndiye Bi Maalim mwenyewe, aliyekuwa ndani wakati huo akituchomea mikate ya ufuta.

Zamani madaktari wengi waliichukulia tabia hii ya mzee kuyarejea yaliyopita kuwa ni alama ya akili kuchoka. Mwaka 1963 daktari wa Kimarekani, Robert Butler, aliandika kinyume chake: kwamba mtu akikaribia mwisho hupitia maisha yake upya, hiyo ni kazi ya kawaida ya umri huo, na anayeifanya vizuri anaweza kupatana na mambo yaliyokuwa yakimuuma. Ni Butler huyo huyo ambaye baadaye alisimama kupinga ubaguzi dhidi ya wazee akaupa jina kwa Kiingereza. Upo kweli usahaulifu wa ugonjwa, nao unahitaji hospitali. Lakini Maalim haumwi. Maalim alikuwa na mtu wa kumsamehe, na ile baraza ndipo alipokuwa akiifanya kazi hiyo, siku baada ya siku, mbele ya wacheza dhumna waliodhani anajirudia. Asingekuwa na wasikilizaji angeifanyia wapi?

Hilo ndilo linalonitia hofu kwa wasiokuwa na baraza. Serikali inawatunza wazee wasiokuwa na watu Sebleni na Welezo huku Unguja, na Limbani kule kwetu Wete. Nyumba zile zinawasitiri, na wapo humo wenye vicheko vikubwa kuliko vya majumbani. Nawafikiria zaidi walio ndani ya majumba yao wenyewe: watoto mmoja Dar es Salaam, mmoja Maskat, mmoja Uingereza, fedha zinatumwa kila mwezi, nyumba imewekwa vigae, na bibi yumo ndani na msichana wa kazi ambaye usiku kucha yuko kwenye simu yake. Mzee huyu hakukosa kitu cha kununuliwa. Amekosa wa kumwambia.

Bibi yangu mzaa mama, Wete, alikaribia kufika huko. Wajukuu wake wengi wako nje. Kilichomtoa ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mjukuu mmoja alimuonesha pa kubonyeza, na tangu hapo kila baada ya Isha anawatumia hadithi. Ana taratibu zake. Simu huishika kwa mikono miwili mbele ya mdomo, husoma Bismillahi, hutaja jina la mjukuu na jina la baba yake mjukuu asije akapokea mwengine, kisha ndipo anaanza. Mwanzo zilikuwa za Paukwa Pakawa, za sungura na fisi. Sasa anawahadithia maisha yake, na yumo ndani ya leo yake pia: kaamkaje, kala nini, kachoka vipi, kafurahishwa na nani. Vijana wa Maskat wanamuuliza maswali. Juzi mmoja, yuko katika mgogoro na mkewe, alimtumia sauti ndefu usiku wa manane, na bibi akamjibu kabla ya alfajiri. Alichomwambia hakunieleza, na sikutaka kujua. Amana hiyo.

Nilipokwenda kumtazama nikamuuliza na yeye lile swali langu. Akanijibu kwamba macho ndiyo yanayomuudhi, kwa sababu msahafu anausoma kwa taabu sasa, na kwamba kuzika rafiki zake kumemchosha kuliko magonjwa yote. Hapo alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Lakini mwanangu, mie sasa ndo najijua. Zamani nlikuwa nkiulizwa wapenda nini, najibu wanachopenda wao."

Ukiamua na wewe kwenda kwa mzee wako, nenda baada ya alasiri, keshasali, keshapumzika, jua limepungua makali. Usitangulize simu. Chukua sukari au kitoweo, si kwa sababu hana, ni kwa sababu mgeni mwenye mkono hukaa kwa raha na mwenyeji humkaribisha kwa raha. Muulize anaumwa wapi, umuache alitoe hilo kwanza, maana likinyimwa nafasi litakaa katikati yenu mpaka mwisho. Ndipo umuulize nini siku hizi kinamfurahisha, nani kamsamehe karibuni, nini anakijua leo ambacho akiwa na umri wako hakukijua, na nini anataka kukifanya bado. Hilo la mwisho huwashtua. Bibi mmoja alicheka, akajifunika uso kwa kanga, halafu akaniambia anataka kuziona karafuu za shamba la baba yake kwa mara nyengine, na shamba lenyewe liko mwendo wa nusu saa kwa daladala. Watoto wake hawakuwahi kujua kwa sababu hawakuwahi kumuuliza. Wamempeleka.

Na ukirekodi, mrudishie asikilize. Mimi nilimuekea bibi sauti yake mwenyewe, ile sehemu ya harusi yake ya kwanza, nikidhani itamfurahisha. Aliisikiliza mpaka mwisho, kimya, akinichungulia juu ya miwani. Akasema hapana, hapo nimeruka, nilikuwa sitaki kumtaja mtu fulani na sasa naona hakuna sababu. Washa tena, uandike na tarehe ya leo. Nikawasha, akaanza upya, na safari hii alimtaja kwa jina lake, na la baba yake, na la kijiji alichotoka.